Nani anahesabu mifuko ya saruji

Barabara ya lami inayoshuka kutoka Mbinga mjini hadi Mbamba Bay ina kilomita 67 hivi. Fedha zilikopwa Benki ya Maendeleo ya Afrika, mkandarasi alikuwa CHICO ya China, mkataba ulikuwa wa shilingi bilioni 129 na ushee, na Rais John Magufuli aliiwekea jiwe la msingi Aprili 2019. Kuyajua haya hakuhitaji kufahamiana na mtu ofisini. Benki ilichapisha hati za mradi kabla mtambo wa kwanza haujafika saiti, na mhandisi mshauri alikuwepo kupima kazi kabla ya kila malipo. Hata barabara iliyoitangulia, ile ya kilomita 78 kutoka Peramiho hadi Mbinga, iliyolipiwa na Marekani kupitia shirika la MCC kwa mkataba uliosainiwa Februari 2008, ilikuja kufanyiwa tathmini na wataalamu wa nje, na ripoti ikawekwa wazi.

Sasa acha lami, ingia ndani kilomita tano tu, uulizie zahanati ya kijiji. Boma lilianza mwaka gani? Wananchi walichanga kiasi gani kabla Serikali haijaleta milioni 50 za umaliziaji? Mifuko mingapi ya saruji ilishushwa, nani aliipokea, na fundi alilipwa kwa hatua zipi? Utaelekezwa kwa mtendaji, mtendaji atakuelekeza kwa mganga, mganga atasema faili liko halmashauri. Mradi wa mabilioni unafuatilika kutoka Abidjan na Washington waliko wafadhili. Mradi wa milioni 50 haufuatiliki kutoka kijiji cha jirani. Kadiri fedha za umma zinavyomkaribia mwananchi, ndivyo zinavyozidi kupotea machoni, na hilo ndilo linalohitaji maelezo, kwa sababu kwa akili ya kawaida ingekuwa kinyume chake.

Jibu la haraka ni kwamba hakuna wanaofuatilia. Si kweli. Darasa moja linalojengwa kwenye miinuko ya Umatengo au mwambaoni mwa Ziwa Nyasa lina macho mengi kuliko mafundi. Kuna kamati ya shule na serikali ya kijiji. Kuna diwani na kamati ya maendeleo ya kata, mhandisi wa halmashauri, mkaguzi wa ndani, na kamati ya fedha ya madiwani inayozunguka kila robo mwaka. Mkuu wa wilaya huja na kamati yake ya usalama. Kamati ya siasa ya CCM huja kukagua utekelezaji wa Ilani. TAKUKURU nao hukagua miradi, na tangu 2022 wana programu ya TAKUKURU Rafiki inayowapeleka hadi kwenye kata. Juu yao wote yupo Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG), na nyuma yake Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa. Kitabu cha wageni cha shule moja kinaweza kujaa sahihi za wakubwa kabla paa halijaezekwa.

Shida iko kwenye saa wanayofika. Tuchukue zege la msingi lililomwagwa Agosti 2022. Mwaka wa fedha ulifungwa Juni 30, 2023. Ripoti ya CAG ilikabidhiwa kwa Rais mwishoni mwa Machi 2024 na kusomwa bungeni Aprili. Kati ya siku ya zege na siku ya kusomwa kuna miezi ishirini, na zege likishakauka halisemi liliwekewa mifuko mingapi. Mkaguzi anabaki na karatasi: risiti, hati ya kupokelea vifaa, muhtasari wa kikao. Karatasi zikikamilika, hoja inafungwa. Anayejua ukweli ni kibarua aliyesukuma toroli siku ile, na huyo hakuna hoja ya ukaguzi inayomfikia.

Mwenge wa Uhuru unastahili kutajwa peke yake, maana ndio ukaguzi ambao watendaji huku kwetu wanauogopa kweli. Kiongozi wa mbio anadai nyaraka hadharani, anagonga ukuta, anapima unene wa nondo, na asiporidhika anakataa kuzindua mbele ya umati na kamera. Aibu hiyo ina nguvu kuliko barua kumi za hoja. Lakini Mwenge hupita mara moja kwa mwaka, siku moja kwa kila halmashauri, na miradi itakayopitiwa hupangwa mapema na halmashauri yenyewe. Hakuna mkurugenzi atakayeupeleka Mwenge kwenye boma lililokwama. Kinachokaguliwa ni kile kilichokwisha kupakwa rangi.

Kuna pia suala la asilimia. Taarifa za miradi zinazosomwa mbele ya wageni karibu zote zina sentensi moja: mradi umefikia asilimia 85. Asilimia 85 ya nini? Huenda ni ya fedha zilizotumika, ya muda uliopita, au ya kazi iliyofanyika, na hayo ni mambo matatu tofauti kabisa. Kwenye barabara ya Mbamba Bay yalikuwa yakiandikwa kando kwa kando, kama ilivyo kwa mkataba wowote wa barabara kubwa. Muda ukifika asilimia 70 na kazi ikawa 40, hata asiye mhandisi anaona kuna tatizo. Kwenye darasa au zahanati namba inabaki moja, na mara nyingi imekadiriwa kwa macho. Ukuta umefungwa lenta, paa limepauliwa, jengo linaonekana limesimama, basi linapewa asilimia 80. Fundi yeyote wa Mbinga atakwambia kwamba hapo safari bado. Plasta, sakafu, dari, milango, madirisha, rangi, mfumo wa umeme na matundu ya vyoo hula fedha bila kuonekana kwa mbali. Ndiyo maana majengo mengi hukwama hapohapo kwenye asilimia 80: fedha zimekwisha, na taarifa haikuwa imemwonya yeyote.

Utaratibu wa ujenzi nao umebadilika. Tangu 2017, vituo vya afya vilipoanza kujengwa kwa kati ya milioni 400 na 500 kimoja, Serikali imepitisha sehemu kubwa ya kazi ndogo kwenye fosi akaunti: shule au kituo hununua vifaa vyenyewe na kukodi fundi wa kawaida, bila mkandarasi. Oktoba 2021 ulizinduliwa mpango wa shilingi trilioni 1.3 uliotokana na mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, na ndani ya miezi michache yakajengwa madarasa 15,000 kwa njia hiyo, kila moja kwa milioni 20. Kwa bei na kwa kasi ni ushindi ambao sioni sababu ya kuubeza. Watoto waliingia darasani Januari 2022.

Ila pamoja na mkandarasi, ziliondoka pia karatasi zilizokuwa zikimbana. Hakuna mkataba wa kazi nzima wa kumshitakia mtu, hakuna kipindi cha uangalizi wa kasoro, hakuna fedha zinazozuiwa hadi nyufa zirekebishwe. Badala yake kuna kamati tatu: ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Mwongozo unazipa kazi nzito sana, hasa hiyo ya mapokezi, ambayo inapaswa kuhesabu kila kinachoshuka kwenye gari na kukataa kisicho na ubora. Wajumbe wake ni mwalimu, mkulima wa kahawa, mama wa jirani. Wanahesabu mifuko 100 na kusaini mifuko 100, lakini hawajui kama kazi ilihitaji 100 au 160, kwa kuwa jedwali la vifaa na gharama liko kwa mhandisi, na mhandisi yuko Mbinga mjini au Mbamba Bay. Mwalimu mkuu, ambaye hakusomea ujenzi, ndiye meneja wa mradi. Asubuhi anafundisha, jioni anasaini nondo. Akikosea, hoja ya ukaguzi inaandikwa kwa jina la shule yake.

Halafu jiografia. Milioni 20 za darasa zilikuwa milioni 20 Kinondoni, Umatengo kwenye miinuko ya kahawa, na Chiwindi mpakani na Msumbiji. Mwambaoni mchanga upo wa kumwaga, lakini saruji, mabati na nondo hushuka kwa gari hadi barabara inapoishia, na vijiji vingine hutegemea boti kutoka hapo. Juu milimani mawe yapo, mchanga mzuri unatafutwa kwa mbali. Na saruji yenyewe ina kisa chake. Makaa ya mawe ya Ngaka, wilayani Mbinga, yamekuwa yakipakiwa kwenye malori kwenda viwanda vya saruji, kikiwamo kile cha Dangote Mtwara. Mfuko wa saruji iliyochomwa kwa makaa ya Mbinga unarudi Mbinga ukiwa na nauli ya kwenda na ya kurudi, na hadi ufike Liuli au Lituhi umeongezwa nyingine. Kiwango kimoja cha taifa zima kinarahisisha hesabu za Dodoma. Huku chini kinafanya hesabu zisisomeke. Shule iliyomaliza fedha kabla ya sakafu inaonekana imeiba, na pengine imelipa nauli tu. Shule iliyomaliza na chenji ikabaki inapongezwa, kumbe wananchi ndio waliojazia.

Hapo tunafika kwenye tundu kubwa kuliko yote katika daftari: nguvu za wananchi. Karibu kila zahanati na kila darasa la kwanza katika vijiji vya Mbinga na Nyasa lilianza kwa watu kuchoma tofali, kusomba mawe, kubeba maji kichwani na kuchanga kwa kaya. Nyasa yenyewe ni wilaya changa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, kwa hiyo mengi yalijengwa upya na kwa haraka. Michango ya fedha huandikwa, angalau kwenye kitabu cha stakabadhi. Kazi ya mikono aghalabu haipewi thamani kwenye hesabu. Boma linapofikia lenta na Serikali kuleta milioni 12.5 za kumalizia darasa, ubao unaandikwa kwamba mradi umegharimu milioni 12.5. Msingi na kuta zimefutika. Kwa anayefuatilia, hasara ni mbili: gharama halisi ya darasa haijulikani, na aliyebeba mawe anapoteza haki ya kuuliza kama mwekezaji, anabaki kuwa mfaidika anayepaswa kushukuru.

Wamatengo walikuwa na utaratibu wao wa kuulizana. Sengu lilikuwa baraza la ukoo, watu wakila pamoja na kuzungumza mambo ya familia na shamba. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mradi wa Chuo Kikuu cha Sokoine kwa kushirikiana na Wajapani ulipofanya kazi katika kijiji cha Kindimba, wanakijiji waliipa kamati yao jina hilohilo, na miongoni mwa kazi zilizofanyika ni mashine ya kusaga inayoendeshwa kwa maji ya mto. Sitaki kulipamba sengu. Lilikuwa la wanaume wazee na la ukoo, na kijiji cha leo si ukoo. Lakini lilikuwa na kitu kimoja ambacho mkutano mkuu wa kijiji wa siku hizi umekikosa: hesabu ilisikilizwa na watu waliokuwa wameshuhudia kazi yenyewe ikifanyika.

Kuhusu kama wananchi wanaweza kweli kulinda fedha, ushahidi wa nchi nyingine hautoi jibu jepesi. Uganda ndiyo husimuliwa zaidi. Uchunguzi wa Ritva Reinikka na Jakob Svensson ulionyesha kwamba kati ya 1991 na 1995 shule za msingi zilipata wastani wa asilimia 13 tu ya ruzuku iliyotengwa kwa ajili yao. Serikali ikaanza kuchapisha magazetini kiasi kilichotumwa kila wilaya, na kufikia 2001 zaidi ya asilimia 80 ilikuwa inafika. Hadithi hiyo imesafiri dunia nzima, mara nyingi bila nyongeza yake: wakati huohuo Uganda ilibadilisha mambo mengine mengi katika utoaji wa fedha, na baadhi ya wachambuzi wanasema gazeti lilipewa sifa zisizo zake zote.

Hapa kwetu tulijaribu simu. Shirika la Daraja lilianzisha mpango wa Maji Matone, wananchi watume ujumbe mfupi bomba likiharibika, taarifa ifike kwa mhandisi wa maji na redioni. Wakati huo karibu vituo vinne katika kila kumi vya maji vijijini vilikuwa havifanyi kazi, hivyo habari za kutuma hazikukosekana. Lengo lilikuwa ujumbe 3,000. Zilikuja 53. Daraja, kwa uungwana usio wa kawaida katika mashirika yetu, lilikiri wazi kwamba limeshindwa na kueleza sababu. Mtandao wa simu ulikuwa hafifu, waliochota maji hawakuwa ndio wenye simu, na watu hawakuamini kwamba ujumbe utafanya chochote.

Utafiti unaonigusa zaidi ni wa Benjamin Olken, Indonesia, katika vijiji 608 vilivyokuwa vikijenga barabara. Yeye hakusoma risiti. Alituma wahandisi wachimbe barabara, wapime mchanga na mawe yaliyomo, kisha walinganishe na yaliyolipiwa. Vijiji vilivyoambiwa kwamba ukaguzi utakuja kwa hakika vilipunguza upotevu kwa pointi nane za asilimia. Kuwaalika wananchi wengi zaidi mikutanoni kulikuwa na athari ndogo, na ndani ya athari hiyo kuna jambo la kuzingatia: upotevu wa fedha za vibarua ulipungua, wa vifaa haukupungua. Mtu anajua ujira wake ulikuwa kiasi gani, na ukikatwa atasema. Mchanga wa barabara ni wa wote, na hajui ulipaswa kuwa kiasi gani.

Nikiyarudisha haya Mbinga, naona wazo letu la "kushirikisha wananchi" limekosea mahali pa kuanzia. Tunawashirikisha kuibua mradi, kuchangia mradi na kupokea mradi. Hatuwashirikishi kwenye kipimo. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982 inautaka mkutano mkuu wa kijiji ukutane kila baada ya miezi mitatu, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa mwananchi jibu ndani ya siku 30. Hakuna kinachozuia jedwali la vifaa lisomwe mkutanoni kwa Kiswahili kabla ya tripu ya kwanza ya mchanga: mifuko ya saruji kadhaa, nondo za milimita 12 kadhaa, mabati ya geji fulani kadhaa, uwiano wa zege ni huu. Likabandikwa ukutani, si fedha iliyoingia peke yake kama mbao za matangazo zilivyo sasa. Namba ya fedha haimwambii kitu mtu aliyesimama saiti. Idadi ya mifuko inamwambia.

Kazi zenyewe nazo hazifanani. Daraja la Ruhuhu, mita 98 zinazounganisha Lituhi na Manda upande wa Ludewa, lilikuwa rahisi kufuatiliwa na kila abiria aliyesubiri kivuko: ama unavuka, ama huvuki. Bomba la maji ni kinyume chake. Likishafukiwa, kina cha mtaro na aina ya bomba ni siri ya aliyefukia. Huko ndiko shahidi wa siku ya kazi anahitajika zaidi, na tangu wakala wa maji vijijini, RUWASA, ichukue miradi hiyo mwaka 2019 sioni kwamba nafasi ya kijiji kushuhudia mtaro kabla haujafunikwa imetiliwa mkazo kama ile ya kukusanya ada za maji.

Kalenda nayo inasaidia upotevu bila kukusudia. Mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Kiangazi, ambacho ndicho msimu wa kujenga, ndicho pia msimu wa kuvuna kahawa, na watu wako mashambani na kwenye vyama vya ushirika (AMCOS). Ushuru wa kahawa, unaobeba sehemu kubwa ya mapato ya ndani ya Mbinga, huingia kwa msimu huohuo. Fedha za Serikali Kuu zikichelewa hadi Machi, inabaki miezi mitatu, nusu yake ya matope, kabla salio halijatakiwa kurejea Hazina Juni 30. Mei na Juni hununuliwa kila kitu kwa haraka, kamati ya mapokezi inaitwa usiku kusaini, na hakuna mwenye nafasi ya kuhesabu.

Na kuna hofu, ambayo ripoti haziiandiki. Anayeuliza juu ya nondo kijijini anaishi na anayemuuliza. Kesho atahitaji barua ya mtendaji ya utambulisho, muhuri wa mkopo, au jina la mama yake lisiondolewe kwenye orodha ya wanufaika wa TASAF. Mkaguzi wa Dodoma akiuliza swali gumu hupanda gari akaondoka. Mwanakijiji hana pa kwenda. Ndiyo maana siamini kwamba ufuatiliaji wa wananchi peke yao utatosha, hata jedwali likibandikwa kila ukuta. Kinachopungua ni mtu wa nje ambaye hakuna anayejua atafika wapi: halmashauri ichague miradi michache kwa kura kila robo mwaka, itangaze mapema kwamba kura itapigwa bila kusema itaangukia wapi, na mkaguzi afike na nyundo na fundi wa kutoka wilaya nyingine, atoboe sakafu, apime, na matokeo yasomwe kwenye mkutano wa kijiji hichohicho. Wakaguzi wa ndani wa halmashauri wamelalamikiwa miaka mingi kwamba ni wachache na hawana magari. Kwa miradi mitano kwa robo, gari moja linatosha.

Wakati haya yakisubiri, kazi kubwa kuliko zote mwambaoni inaendelea Mbamba Bay. Septemba 2024 Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi la bandari mpya, mradi wa zaidi ya shilingi bilioni 70 chini ya Mamlaka ya Bandari. Una mkandarasi, mhandisi, ratiba na hati za malipo, na nina hakika kwamba siku moja tutajua ulifikia asilimia ngapi na lini. Bandari hiyo italeta watu, watu watataka madarasa na zahanati zaidi Kilosa na Nangombo hukohuko Nyasa, na hizo zitajengwa kwa fosi akaunti.